Piano, gita na likembe zinazolia kama za kweli: namna ya kuchagua sinte ao programu kwa sisi wa Lubumbashi

Watu wananiuliza kila juma juu ya sinte, zile klavie za umeme zenye sauti za vyombo vingi: "Yaya, ninunue sinte gani?" ao "nitelesharje programu gani piano yangu ilie kama piano ya kweli?", na mi kila mara narudisha swali kwanza: unataka kupiga chombo gani, utapigia fasi gani, na sauti itatokea mu bafle ya namna gani? Maana jibu ya mtu anayepiga piano peke yake kwenye ndoa haiwezi kuwa jibu ya mtu anayetengeneza nyimbo za korali usiku mu chumba yake ya Kamalondo na laptop ya RAM 4. Naandika hii juu ya wadogo zangu wanaokusanya makuta miezi na miezi, dola tano tano, kisha wanaenda kununua kwa kuangalia wingi wa taa na vibonyezo. Nimeona hiyo mara mingi sana na inaniuma.

Piga noti moja mara kumi

Siku moja kwenye repetisyo huku Katuba kijana wetu wa klavie alichagua sauti ya gita, akarudilia noti moja haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta-ta. Kulikuwa mzee mmoja ameketi nyuma, ameshika gita tangu ujana wake, akainua kichwa akasema: "Mwanangu, hiyo si gita, hiyo ni cherehani." Tukanyamaza wote sababu tulisikia ni kweli kabisa.

Kilichokuwa ndani ya ile sinte ni hiki. Sauti nyingi za vyombo vya asili mu sinte ao mu programu ni sampuli, maana yake mtu alienda na mikro akarekodi gita ya kweli, noti kwa noti, na we ukigusa tushi unaamsha ile rekodi. Kama walirekodi mara moja tu, basi ukigusa mara kumi unasikia rekodi ile ile mara kumi, bila tofauti hata ya unywele. Kamba ya kweli haifanyi vile. Kidole leo kimegusa karibu na tundu, kesho karibu na daraja, saa ingine ukucha umeingia, saa ingine kamba ilikuwa ingali inatikisika ulipoigusa tena. Sikio la mtu aliyekulia karibu na gita linajua hiyo hata kama hawezi kueleza.

Programu nzuri zina rekodi kadhaa za noti moja kwa nguvu ile ile na zinazicheza kwa zamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha zinarudi. Kwenye maelezo yao wanaiita raundi robini. Kwa hiyo jaribio la kwanza, dukani ao kwenye laptop ya rafiki, ni hilo: noti moja, mara kumi, mwendo sawa, nguvu sawa. Usicheze wimbo unaoupenda, wimbo unadanganya, utajisikia wewe mwenyewe unavyopiga vizuri na hautasikia chombo.

La pili, chukua noti moja ya katikati uiguse pole sana kama unamwamsha mtoto, kisha uongeze kidogo kidogo mpaka mwisho wa nguvu. MIDI, ile lugha ambayo klavie na ordinateri zinaongea tangu 1983, inapima nguvu ya kidole kwa namba, 1 mpaka 127. Shida iko hapa: sinte ya bei ya chini inachukua rekodi moja tu na kupandisha volimu, wakati piano ya kweli ukiipiga kwa nguvu haiongezeki sauti tu, inabadilika rangi. Ile nyundo ya ndani imevikwa feliti, kitambaa kinene cha sufu, ukiigonga pole feliti inabaki laini na sauti inatoka ya mviringo, ukiigonga kwa nguvu feliti inabanana inakuwa ngumu na sauti inatoka yenye meno. Ndio maana wanarekodi kila noti kwa nguvu mbalimbali, wanaita matabaka. Sikiliza kama kuna fasi inaruka ghafla kutoka laini kwenda kali, kama ngazi iliyokosa kipandio. Ukiipata hiyo ruka, ujue itakusumbua kila Dimanshi mu nyimbo za pole.

La tatu, shikilia noti ya chini ya piano na usiiachilie, uhesabu. Piano kubwa ya kweli noti ya chini inaweza kuendelea kufa pole pole zaidi ya sekunde 20. Sinte nyingi ndogo, juu ya kuchunga memori, zinarekodi sekunde mbili ao tatu halafu kipande cha mwisho kinazungushwa. Utasikia inaanza kuzunguka kama feni. Kisha achilia tushi na usikilize mwisho wake: inakatika kama umeme umeenda, ao kuna kasauti kadogo ka kitambaa kinachoshuka ku kamba? Hako kasauti ka mwisho watu wengi hawakajui lakini kakikosekana piano inakuwa kama picha iliyokatwa na makasi.

La ine ni fupi, panda tushi moja moja, nyeusi na nyeupe, kutoka chini mpaka juu. Kama rekodi moja imenyoshwa kufunika tushi mingi, utasikia kundi la noti linakuwa na sauti ya katoto kadogo kisha ghafla linarudi utu uzima. Dakika tano zimetosha kwa yote mane, na muuzaji akikukatalia dakika tano, toka.

Vyombo havilingani ugumu

Hii njo fasi ambayo watu wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Piano ndiyo rahisi kuigiza. Si kwamba piano ni chombo kidogo, hapana, ni sababu mpigaji akishagonga, nyundo imeruka, hana tena la kusema juu ya ile noti isipokuwa kuiachilia ao kukanyaga pedali. Uamuzi wote unafanyika mara moja. Kwa hiyo rekodi nzuri inaweza kubeba karibu ukweli wote. Marimba, likembe (kale ka ulimi za chuma unazopiga na vidole gumba), kengele, ngoma, hata batri ya ngoma za bendi, viko mu familia hiyo: unagonga, inalia, inakufa.

Violon, saksofoni, filimbi na sauti ya mtu viko ng'ambo ingine kabisa. Mpigaji wa violon anaendelea kuamua kila sehemu ya sekunde, anakaza upinde, analegeza, anatikisa kidole, anaingia noti ya pili bila kuvunja ya kwanza. Ukigusa tushi ya "violin" kwenye klavie umeamua mara moja tu, nani sasa atafanya ile kazi ingine yote? Ni wewe, na lazima uwe na kitu cha kuifanyia: gurudumu la pembeni ya klavie, pedali ya ekspresyo, ao chombo cha kupulizia mdomoni kama Akai EWI. Kuna watengenezaji wa Italia, Audio Modeling, programu zao zinaitwa SWAM, hazitumii rekodi bali zinahesabu namna mwanzi ao upinde unavyotikisika, na mtu anayejua kupuliza akizishika unaweza kuapa ni saksofoni. Lakini bila cha kupulizia ao pedali zinalia kama mbu. Nakuambia wazi, kama hauna pedali ya ekspresyo na hauna mpango wa kuinunua, acha saksofoni na violon ya mtu mmoja, tumia kundi la violon nyuma ya korali fasi ambapo zinajaza tu, na pale hata sampuli za kawaida zinatosha.

Gita iko katikati na kwetu Katanga gita njo shida yenyewe. Sisi tuko nchi ya gita kavu, ile isiyo ya umeme. Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wetu, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki ya Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na ile namna ya kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada watu wa dunia nzima wanaisoma mpaka leo. Sasa angalia kinachotokea pale kwa karibu. Gumba inashuka ku kamba nene na nyama ya kidole, sauti nzito iliyofunikwa kidogo. Shahada inapanda ku kamba nyembamba na ukucha, sauti kali. Vidole viwili, rangi mbili tofauti ndani ya chombo kimoja. Na noti haikatiki mpaka kamba ile ile ipigwe tena ao kidole cha kushoto kihame, kwa hiyo sauti zinapandana. Klavie haijui kamba. We unaweza kubonyeza noti tatu ambazo kwenye gita zote ziko ku kamba moja, na gita haiwezi kabisa, halafu unashangaa kwa nini inasikika ya uongo.

Programu zinazojua kamba zipo. Ample Sound wanatoa bure gita moja inaitwa Ample Guitar M Lite, imerekodiwa kutoka gita ya Martin D-41, na inachunga noti iko ku kamba gani. Ianze na hiyo. Nyingine nyingi za bei zimetengenezwa juu ya kuchapa akordi kwa mtindo wa Marekani, zinafaa kwa akompanyema ya nyimbo za ibada, lakini kwa mi-solo ya kwetu zinakwama. Mawazo yangu ya kweli: kama gita njo inabeba wimbo, muite mpigaji. Mji huu haujakosa wapiga gita, mikro moja mbele yake kwa umbali wa mkono, nusu saa imeisha, na hakuna gigabaiti itakayofika pale.

Programu ao sinte?

Mtu anayerekodi nyumbani, programu. Mtu anayepiga mbele ya watu kila juma, sinte ao klavie yenye sauti zake ndani. Hiyo njo ninayoshauri kwa kawaida na sababu ni za hapa hapa kwetu.

Laptop ina batri yake, hiyo ni faida kubwa na delestaje, ukirekodi na umeme ukienda unaendelea. Lakini laptop inaamka pole, inaomba kusasishwa saa ya misa, inachoka na joto. Na kuna kuchelewa. Ukigusa tushi, sauti inapita mu ordinateri kwanza, na ordinateri inafanya kazi kwa mafungu. Fungu la sampuli 512 (hapa sampuli si rekodi ya noti, ni vipimo vidogo vya sauti) kwenye 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 12, fungu la 128 ni karibu 3. Milisekunde 12 ni kama umesimama metre nne mbali na bafle yako, mwenye kupiga pole hataona, mwenye kupiga sebene ataona mara moja. Kwa hiyo weka karti ya sauti ya nje ya USB mu bajeti yako mbele ya kununua programu yoyote, ao kama bado, tumia ASIO4ALL ku Windows, programu ndogo ya kupunguza kuchelewa, ni ya bure na inasaidia. Simu nyingi za Android zinachelewa zaidi, iPad zinajibu haraka, ndiyo maana unaona wapigaji wanabeba iPad ya zamani.

Juu ya laptop yenyewe: RAM 8 ni afadhali, RAM 4 utaishi lakini kwa piano moja moja. Na disko ya SSD kama unaweza, sababu programu kubwa haziweki rekodi yote mu memori, zinaweka mwanzo tu wa kila noti na zinakimbia kuvuta inayobaki ku disko wakati noti inalia. Disko ya zamani ya kuzunguka ikichelewa unasikia mikwaruzo ao noti zinapotea.

Sasa zipi. Megas zetu ni ghali, siwezi kumwambia mtu atelesharje piano ya GB 60. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni Pianoteq ya Modartt, Wafaransa wa Toulouse, hiyo haina rekodi kabisa, inahesabu kamba na nyundo na mbao, na faili lake ni karibu MB 50 tu, soma tena, MB 50. Inaenda hata ku ordinateri ndogo ya Raspberry Pi. Ile rangi kati ya pole na nguvu haina ngazi sababu hakuna matabaka. Watu wengine wanasema inasikika ya plastiki kidogo ukiwa peke yako na kaske, mi nakubali kwa matoleo ya zamani, lakini ndani ya wimbo pamoja na watu wengine naipenda kuliko nyingi. Inalipiwa, ila toleo la kujaribu lipo: linazima kisha dakika 20 na tushi fulani hazilii. Kwa kufanya yale majaribio mane inatosha sana.

Njia ya pili ni ya bure kabisa, Salamander, piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa na matabaka 16 ya nguvu. Unaifungua na sforzando ya Plogue, nayo bure. Ongeza Decent Sampler, bure pia, na kupitia tovuti ya Pianobook utapata piano ndogo ndogo za nyumbani za watu, zenye mikwaruzo ya kiti na pumzi, ambazo kwa nyimbo za huzuni hazina mfano. Kwa orkestra kuna VSCO 2 toleo la jamii, bure, si tamu sana lakini ni halali. Ukikutana na vitu vya Kontakt, programu ingine ya kufungua sampuli, angalia kama vinakubali Kontakt Player ya bure, sababu visivyokubali vinafunga kila dakika 15 na hiyo utaijua siku mbaya.

Na tafadhali, flashi ya "programu zote za bure" inayozunguka mjini, iache. Mi niliipokea miaka fulani nyuma kwa mtu niliyemwamini, nikaweka zote Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi laptop haikuamka. Miezi minane ya rekodi za korali ilipotea, sauti za watu, na mama mmoja kati ya wale walioimba alikuwa amekwisha kufariki. Hatuna ingine ya sauti yake. Sisemi hii juu ya kuogopesha mtu, nasema sababu vya bure na vya halali vipo na vinatosha.

Kama ni sinte

Kitu cha kwanza: tushi zijue nguvu ya kidole. Kuna klavie za Yamaha za bei ndogo kama PSR-F51, nzuri kwa mtoto kujua noti, lakini ukigusa pole ao kwa nguvu sauti ni moja, kwa piano ya kweli hiyo imeshakufa. PSR-E373 inajua nguvu, na inatumia mawe (batri ndogo) ya AA sita, umeme ukienda katikati ya mahubiri hautasimama. Roland Juno-DS61 nayo inakubali AA nane. Kwa mpigaji wa hapa mawe ni jambo kubwa kuliko sauti mia tano za ziada, mi naliweka juu kabisa ya orodha.

Mtu wa piano tupu atafute tushi nzito 88, Yamaha P-45 ao Roland FP-10. Angalia namba ya polifoni, yaani noti ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. P-45 ni 64, FP-10 ni 96. Unasema mi nina vidole kumi tu, 64 ya nini? Ukikanyaga pedali noti za zamani hazifi, zinabaki zinalia, na saa ingine noti moja ya stereo inakula nafasi mbili. Ukicheza wimbo wa kujaa na pedali chini, unaanza kusikia besi zinapotea bila kuagana.

Wenye kupenda ariranja, zile zenye mitindo ndani, zina kitu kizuri kwa gita na saksofoni. Tangu Tyros 2 ya mwaka 2005 Yamaha waliweka Super Articulation, sauti zinazoongeza zenyewe mkwaruzo wa kidole ku kamba ao pumzi kati ya noti kulingana na unavyopiga. PSR-SX za leo zinayo. Ni bei ya juu lakini kwa mtu anayekula kwa ndoa na sherehe inajilipa.

Ukinunua ya mkononi, iliyokwisha kutumika, fanya hivi. Chini ya kila tushi kuna vijipira viwili vinavyogusa kimoja mbele ya kingine, na sinte inapima muda kati ya kugusa kwa kwanza na kwa pili, ndivyo inavyojua nguvu. Sasa fikiri vumbi yetu nyekundu ya kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, inaingia mule. Kijipira kimoja kikikosa kugusa vizuri, tushi ama hailii ama inalia kwa nguvu yote kila mara. Kwa hiyo gusa tushi zote, moja moja, pole sana. Zote, hata za mwisho ambazo hauzitumii. Tushi moja inayopiga kelele kati ya zile za pole ni vumbi na inasafishika na alkoli na pamba, omba kupunguziwa bei. Tushi kumi namna hiyo, acha. Kisha uliza sharjeri yake ya kweli. Yamaha ndogo nyingi zinakula volti 12, Casio nyingi za sasa 9.5, na Casio za zamani zinakuwa na upande wa hasi katikati ya pini, kinyume cha Yamaha, ukichanganya umechoma. Na usiunganishe ku grupu bila stabilizateri, grupu ikikohoa sinte inaumia.

Nyumbani funika klavie na kitambaa, si na nailoni, nailoni inashika unyevu mvua ikianza.

Bafle inaweza kuua piano nzuri

Hii nilijifunza kwa aibu kanisani, komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Nilikuwa na sauti ya piano tamu sana mu kaske, pana, kamba za chini kushoto na za juu kuume. Kwenye bafle ya kanisa ikatoka nyembamba kama inatoka ndani ya kopo la bati, na noti fulani zilikuwa karibu hazisikiki. Nikadhani mixeri imeharibika. Kumbe makanisa mengi sauti yote inaunganishwa kuwa moja, mono, na ile piano ilirekodiwa na mikro mbili zilizo mbalimbali. Sauti ya noti moja inafika ku mikro hii mbele ya ile, na ukiziweka pamoja wimbi moja likipanda lingine linashuka, zinakulana.

Kwa hiyo mbele ya kuchagua sauti, sikiliza mu mono. Ku sinte tumia tundu la kushoto lililoandikwa L/MONO peke yake, usiunganishe mawili na kable ya Y. Sinte kubwa nyingi zina piano iliyotengenezwa mono kabisa, itafute ku orodha, kwa kaske utaidharau lakini kanisani ndiyo itakayofika mpaka kiti cha nyuma. Mu programu chagua mikro moja ya karibu, uzime zile za mbali, na eko ya programu uizime pia, kanisa lenye bati na ukuta wa sima lina eko yake ya kutosha.

Likembe utairekodi wewe

Likembe nzuri ya kwetu hautaipata ku orodha ya mtu, na ukipata imekwisha kunyoshwa ifuate piano. Lakini kama nilivyosema, iko mu familia rahisi, na kwa siku mbili unaweza kuifanya mwenyewe bure.

Tuseme ina ulimi nane. Kila ulimi uupige kwa nguvu ine tofauti, na kila nguvu mara tatu, hiyo ni rekodi 96. Simu inafaa, ila tafuta programu ya kurekodi inayotoa WAV na inayokuruhusu kuzima ile kazi ya kusawazisha sauti yenyewe, sababu ikibaki, simu itapandisha za pole na kushusha za nguvu na matabaka yako yote yatakuwa sawa. Weka simu kama sentimetre 30 mbele, godoro nyuma yako, blanketi ku dirisha. Saa kumi ya alfajiri ni saa nzuri, majirani hawajawasha grupu. Msimu wa mvua angalia mbingu kwanza, tone moja ku bati limeharibu kila kitu. Na ushike likembe kama unavyoishika kila siku, tumboni ao ku mapaja, usiiweke mezani, meza inaongeza sauti yake.

Acha kila noti ife yenyewe mpaka kimya kabisa kisha uhesabu mbili. Kata kila moja mbele kabisa pale ulimi unapoanza kulia, ukiacha hata kakimya kadogo mwanzoni utakuwa umejitengenezea kuchelewa mwenyewe.

Kisha unaandika faili la maandishi la kawaida, linaisha na .sfz, sforzando inalisoma. Kila rekodi ina mstari wake unaoanza na neno region ndani ya alama za pembe, halafu kitu kama hiki:

sample=ulimi1_pole_1.wav key=60 lovel=1 hivel=50 seq_length=3 seq_position=1

Maana yake: rekodi hii iamke ku tushi ya 60, ndiyo Do ya katikati kwa hesabu ya MIDI, kidole kikiwa kati ya nguvu 1 na 50, na iko ya kwanza mu zamu ya tatu. Ile ya pili inaandikwa seq_position=2, ya tatu 3. Nguvu ya pili weka 51 mpaka 85, ya tatu 86 mpaka 110, ya mwisho 111 mpaka 127. Na ukiandika key peke yake vile, programu haisogezi sauti, likembe inabaki na noti zake kama fundi alivyozichonga. Usijaribu kuinyosha ifuate piano. Kama lazima icheze pamoja na piano, afadhali uchague wimbo unaoikubali, ao usogeze noti moja inayogongana na neno tune, vipande vichache tu.

Utakuta kwenye rekodi kuna ile mlio wa vizingi vya chuma vinavyotetemeka ku ulimi, zzz, zzz, na kijana wa studio atakuambia ni kelele, akuonyeshe namna ya kuifuta. Mwambie aiache. Iliwekwa pale na fundi kwa mkono wake.